Jina Jema ni Mtaji: Maadili, Ajira na Mitandao ya Kijamii kwa Mjasiriamali wa Dakawa



Anayefika katika ofisi ya kata kuulizia masuala ya biashara kwa kawaida huanza na mtaji: mkopo unapatikana wapi, ni kiasi gani, na unarejeshwa kwa muda gani. Ni swali la haki, na mwishoni mwa makala haya tutaligusa. Hata hivyo, zipo biashara zilizopata fedha nyingi zikafa mapema, na zipo zilizoanza na fedha ya kununulia gunia moja la mpunga zikadumu mpaka watoto wa mwanzilishi wakazirithi. Mara nyingi kilichozitofautisha ni jina.

Kwa kusema jina hatukusudii maandishi yaliyochorwa juu ya mlango wa duka. Tunakusudia kile ambacho mteja anakiamini juu yako wakati hakuoni. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam au Dodoma hutuma fedha kwa simu ili apakiliwe magunia ya mchele ambayo hajayatia machoni wala kuyashika. Hana stakabadhi mkononi, hamfahamu dereva, na pengine hajawahi kufika Dakawa. Anachotegemea ni kwamba mtu anayezungumza naye atatimiza alichosema. Siku imani hiyo ikivunjika, mzigo wa pili hauagizwi.

Jina la namna hiyo hujengwa na mambo matatu: maadili ambayo mfanyabiashara ameyachagua, watu anaowaajiri, na namna anavyoitumia simu kujitangaza. Mpangilio huu una sababu yake. Maadili ndiyo ahadi, wafanyakazi ndio wanaoitekeleza, na mitandao ya kijamii huipeleka habari yake mbali. Anayeanza na la tatu kabla ya kulitengeneza la kwanza huwa anatangaza kasoro zake kwa watu wengi zaidi.

Jina la Dakawa ni la wote

Kabla ya kuyaingia mambo hayo matatu, tuitazame hali ya eneo letu. Dakawa ipo kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, katika bonde la Mto Wami. Skimu ya umwagiliaji ya hapa ina ukubwa wa takriban hekta 2,000, husimamiwa na ushirika wa wakulima wadogo wa UWAWAKUDA, na maji yake hupandishwa kwa mitambo kutoka mtoni. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Dakawa kinashughulika na zao lile lile la mpunga, na mbegu ya TXD 306, ambayo wengi wetu tunaiita SARO 5, inafahamika kwa kila mkulima wa bonde hili.

Juu ya msingi huo wa mpunga zimeota biashara nyingine nyingi. Wapo wenye mashine za kukoboa, wasafirishaji, wauzaji wa mbolea na viuatilifu, mafundi wa matrekta, mama lishe, wauzaji wa maziwa kutoka katika maboma ya wafugaji, mawakala wa fedha kwa simu, na vijana wa bodaboda. Kila mmoja ana biashara yake, lakini wote wanashiriki jina moja. Mteja wa mbali akipata mchele wenye mawe, hasemi kwamba fulani bin fulani amemuuzia mchele mbaya. Husema mchele wa Dakawa ni mbaya. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote huoza. Kwa hiyo uaminifu wa mfanyabiashara mmoja unamhusu jirani yake pia, kwa kuwa soko la wote linaweza kuharibiwa na mzigo mmoja.

Maadili ni ahadi inayopimika

Neno maadili huchukuliwa na baadhi ya watu kuwa ni jambo la mahubiri, lisilohusiana na faida. Katika biashara ni jambo la vipimo. Mfanyabiashara mwenye maadili ni yule ambaye ahadi yake inaweza kupimwa na mteja, naye hana hofu ipimwe.

Tuanze na mizani. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, inataka mazao yauzwe kwa uzito halali, kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100. Kinyume cha utaratibu huo ni lumbesa, yaani gunia linaloshindiliwa na kuongezewa kilemba ili mkulima atoe debe la ziada bila malipo. Lumbesa humnyang'anya mkulima jasho lake, na baya zaidi ni kwamba humfundisha naye kulipiza. Akijua atapunjwa kwenye gunia, ataficha mpunga mbichi katikati ya mkavu. Mnunuzi akigundua, naye atapunguza bei kwa wakulima wote. Hivyo udanganyifu wa upande mmoja huzaa wa upande wa pili, na mwishowe hakuna anayemwamini mwenzake.

Tuchukue mfano wa hesabu ndogo. Mfanyabiashara ameuza magunia 50 ya mchele ya kilo 100, na katika kila gunia amepunguza kilo mbili. Amebakiwa na kilo 100, sawa na gunia moja. Mnunuzi akifika sokoni akapima tena, atalijua jambo hilo siku hiyo hiyo. Iwapo mnunuzi huyo alikuwa akiagiza kiasi hicho kila mwezi, basi kwa gunia moja la wizi mfanyabiashara amepoteza oda ya magunia 600 kwa mwaka. Hakuna mwizi wa ghalani anayeweza kumtia hasara ya kiwango hicho.

Mizani ni mfano mmoja tu. Muuza mchele mwenye maadili haulizi jina la mkoa mwingine lenye sifa ili alibandike kwenye gunia lake, na wala hachanganyi chenga na mchele wa daraja la juu kisha akauza kwa bei ya juu. Akiwa na chenga, aziite chenga na aziuze kwa bei ya chenga, wapo wanaozihitaji. Muuza maziwa haongezi maji, kwa kuwa kipimo cha maziwa cha mnunuzi kitamfichua. Muuza viuatilifu hauzi chupa iliyopita muda wake. Fundi hasemi kazi itakamilika Ijumaa ilhali anajua vipuri havijanunuliwa.

Ndani ya wilaya yetu upo mfano mzuri wa maadili yaliyogeuzwa kuwa soko. Shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, lijulikanalo kama SAT, lilianzishwa mwaka 2011 na Janet Maro pamoja na Alexander Wostry, likitokana na mradi mdogo wa bustani ulioitwa Bustani ya Tushikamane ulioanza mwaka 2009 mkoani Morogoro. Leo lina kituo cha mafunzo ya wakulima huko Vianzi, Wilaya ya Mvomero, na linafanya kazi na wakulima wa Milima ya Uluguru wanaolima bila kemikali za viwandani. Mlaji wa mjini atajuaje kwamba mboga anazouziwa zimelimwa hivyo kweli? Njia mojawapo inayotumika ni wakulima kujiunga katika vikundi na kukaguana wenyewe kwa wenyewe shambani, kwa viwango vilivyokubaliwa, ili bidhaa zao ziweze kubeba alama ya Kilimohai, ambayo ni alama ya kilimo hai kwa Afrika Mashariki iliyozinduliwa mwaka 2007. Mkulima mmoja akipulizia dawa kwa siri, anahatarisha alama ya kikundi kizima. Kwa sababu hiyo jirani yake ana haki ya kuingia shambani na kuuliza.

Utaratibu kama huo hauhitaji fedha nyingi. Wauzaji kumi wa mchele wanaweza kukubaliana juu ya mambo matatu, wakayaandika kwenye karatasi na kuyabandika ukutani: tunapima kwa mizani iliyohakikiwa, tunasema ukweli juu ya aina na daraja la mchele, mzigo wenye kasoro tunaurudisha. Mteja anayesoma maneno hayo anajua anachostahili kudai, na mwenye duka anajua atakachodaiwa.

Historia nayo imetupa kumbukumbu juu ya jambo hili. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari hapa Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, alipokuwa safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Mwaka mmoja kabla, alikuwa ameongoza mapambano dhidi ya wahujumu uchumi, wakiwemo walioficha bidhaa wakati wananchi wanazihitaji. Uchumi wa nchi umebadilika sana tangu siku hizo, na bei nyingi sasa huamuliwa na soko. Lakini swali aliloliweka mbele ya Taifa bado linamhusu kila mwenye ghala: je, unafaidika kwa kumhudumia jirani yako, au kwa kumbana?

Tahadhari moja inastahili kuongezwa. Majaribu makubwa huja wakati biashara inapokwenda vizuri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama lishe aliyesifiwa kwa wali wake huanza kupunguza mafuta. Mwenye mashine aliyezidiwa na wateja huacha kusafisha chekecheo la mawe. Andika ahadi zako mapema, ungali mdogo, ili zikuhukumu utakapokuwa mkubwa.

Kuajiri ni kumkabidhi mtu jina lako

Biashara ikikua, mwenye mali hawezi tena kuwa dukani, mashineni na sokoni kwa wakati mmoja. Hapo humweka mtu mwingine mbele ya mteja, na tangu siku hiyo jina lake limo mikononi mwa mtu huyo. Mteja akijibiwa kwa ukali na kijana wa dukani, kwake yeye ni duka lililomjibu.

Wengi wetu huajiri kwa njia mbili. Ama humchukua ndugu kwa kuwa amekaa bila kazi, ama humchukua anayekubali mshahara mdogo kuliko wengine. Kumwajiri ndugu si kosa. Biashara nyingi za familia zimesimama kwa uaminifu wa ndugu. Kosa ni kumpa kazi bila kumweleza kazi yenyewe, bila kumpima kama anaiweza, na bila kumlipa kwa utaratibu, kwa kuwa eti ni mtoto wa nyumbani. Ndugu asiyelipwa hujilipa mwenyewe kutoka kwenye droo, na ugomvi wake huvunja biashara na ukoo kwa pamoja.

Mfano wa aliyejua thamani ya kuajiri wenye ujuzi ni marehemu Reginald Mengi, aliyefariki tarehe 2 Mei 2019. Yeye alikuwa mhasibu kwa taaluma. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2018 alieleza jinsi alivyoanza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake jijini Dar es Salaam. Kampuni zake zilipoingia katika habari miaka ya 1990, kwa vyombo kama ITV, Radio One na gazeti la Nipashe, waliozisoma taarifa na kuyahariri magazeti walikuwa waandishi na watangazaji wenye taaluma zao. Mwenye mali hana haja ya kujua kila kazi. Anachohitaji ni kuwatambua wanaoijua, kuwapa nafasi, na kuwasikiliza.

Kwa kiwango cha Dakawa jambo hili linaonekana vizuri kwenye mashine ya kukoboa. Mwendeshaji asiyejua kupima ukavu wa mpunga atakoboa mpunga mbichi kupita kiasi, au ule uliokaushwa mno juani, na punje zitavunjika. Mpunga hukobolewa vizuri unapokuwa na unyevu wa asilimia 14 hivi. Mwendeshaji anayejua hilo humwambia mteja aanike kwanza, kisha arudi kesho. Siku hiyo mashine imekosa ada ya gunia moja, lakini mteja ataondoka na mchele mzima usio na chenga nyingi, na msimu ujao hatakwenda kwingine. Tofauti ya mshahara baina ya mwendeshaji wa namna hiyo na asiyejua ni ndogo ukiilinganisha na wateja anaowahifadhi.

Tutawapata wapi watu hao? Chuo cha VETA Dakawa kiko miongoni mwetu. Chuo Kikuu Mzumbe kimo ndani ya wilaya yetu, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo katika Manispaa ya Morogoro. Wanafunzi wa vyuo huhitaji mahali pa kufanya mazoezi kwa vitendo, na muda huo humwezesha mwajiri kumfahamu kijana kabla ya kumpa ajira. Wapo pia mafundi wa mtaani wenye ujuzi wa miaka mingi wasio na cheti. Hao VETA huwapima na kuurasimisha ujuzi wao. Mwajiri anayemwezesha fundi wake kupata cheti hicho hapotezi fundi, kama wengine wanavyohofia. Fundi huyo humheshimu, na wenzake wenye bidii nao hutamani kufanya kazi mahali hapo.

Kabla ya kumwajiri mtu, fanya mambo manne. Kwanza, andika kazi yenyewe kwa sentensi chache: atafanya nini, saa ngapi, na atawajibika kwa nani. Pili, mpe jaribio la kazi halisi. Anayeomba uuzaji apime mchele na atoe chenji mbele yako. Tatu, zungumza na mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Nne, kubalianeni muda wa majaribio na vigezo vya kuuvuka.

Sheria nayo ina sauti hapa, na haibagui mwajiri mdogo na mkubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na kama mfanyakazi hayaelewi, aelezwe kwa namna atakayoielewa. Muda wa kawaida wa kazi usizidi saa 45 kwa wiki wala saa 9 kwa siku, na saa za ziada hulipwa kwa kiwango cha mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28, na likizo ya uzazi ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, na wa chini ya miaka 18 hapewi kazi ya hatari, ikiwemo ya kuendesha mitambo. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kukata zaidi ya nusu yake kutoka kwa mfanyakazi. Ugomvi usiopata ufumbuzi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri lake, na kwa migogoro mingine ni siku 60.

Baadhi ya wafanyabiashara huona masharti haya kuwa mzigo. Wapakiaji wa magunia na vijana wa mashineni huyaona kwa jicho lingine. Kijana anayelipwa siku inayojulikana, anayeruhusiwa kwenda hospitali akiugua, na anayeitwa kwa jina lake badala ya kupigiwa mbinja, hana sababu ya kufungua mlango wa ghala usiku. Mfanyakazi humtendea mteja vile anavyotendewa na mwajiri.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Mfanyakazi mwaminifu akifanya kazi mahali pasipo na kumbukumbu atashukiwa bure, na asiye mwaminifu atajificha humo humo. Daftari la mapato, matumizi na mzigo uliopo ghalani humlinda wa kwanza na kumfichua wa pili.

Mitandao ya kijamii: chema chajiuza

Sasa tunafika kwenye simu. Vijana wengi wanaoanza biashara huanzia hapa: hufungua ukurasa wa Instagram au TikTok, hutafuta picha nzuri, na kusubiri wateja. Mitandao ina nguvu kweli. Mfugaji aliyeko pembezoni anaweza kuonyesha mbuzi wake kwa mnunuzi aliyeko Dar es Salaam bila nauli. Lakini yenyewe haitengenezi biashara. Jumia, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa kwa intaneti katika nchi kadhaa za Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Wauzaji wadogo wanaotumia vikundi vya WhatsApp na malipo ya simu wameendelea kuuza. Teknolojia na fedha Jumia ilikuwa nayo. Muuzaji mdogo ana kitu kingine: wateja wake wanamfahamu, au wanamfahamu anayemfahamu.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Matumizi bora ya mitandao kwa mjasiriamali wa Dakawa ni kuonyesha ukweli ambao tayari upo. Piga picha ya mchele wako mwenyewe mchana, penye mwanga, ukiwa kiganjani ili punje zionekane. Usichukue picha ya mwingine. Onyesha gunia likiwa juu ya mizani, namba zikisomeka. Andika aina ya mchele, tarehe uliyoukoboa, bei kwa kilo, kiasi kilichopo na gharama ya usafiri. Tangazo lisilo na bei humlazimisha mteja kuuliza, na wengi hawaulizi, wanapita.

Programu ya WhatsApp Business hupatikana bila malipo na humwezesha muuzaji kupanga orodha ya bidhaa na bei zake. Ni vema namba ya biashara iwe tofauti na ya familia, ili mteja asikutane na mabishano ya mpira au ya siasa mahali alipotafuta unga. Asiye na simu janja asijione amebaki nyuma. Simu ya kitochi inayopokelewa kila inapoita, na yenye mtu mkweli upande wa pili, ni bora kuliko ukurasa wenye picha nyingi usiojibu.

Malalamiko yatakuja. Mteja akiandika hadharani kwamba mchele ulikuwa na mawe, ipo hamu ya kufuta maneno yake au kumjibu kwa matusi. Usifanye hivyo. Mjibu kwa upole palepale, omba radhi ikiwa kosa ni lako, eleza utakavyorekebisha, kisha urekebishe kweli. Wanaosoma ni wengi kuliko aliyelalamika, na wote wanapima tabia yako.

Yapo pia mambo ya sheria na usalama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa za mtu. Usichapishe picha ya mteja, namba yake ya simu au jina la anayedaiwa bila ridhaa yake. Kumwanika mdaiwa mtandaoni ni jambo ambalo limezoeleka, lakini linaweza kumgeuza mdai kuwa mshtakiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inakataza kusambaza taarifa za uongo, hivyo kumsingizia mshindani wako kwamba anauza bidhaa mbovu si ushindani.

Kwa upande wa wizi, usitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, kwa kuwa ujumbe unaweza kughushiwa. Namba ya siri usimpe yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mtoa huduma. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenda namba 15040 ili namba iliyoutuma ishughulikiwe, na piga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mkopo wa Halmashauri na jina la kikundi

Tulianza na mtaji, na sasa turudi huko. Kwa mujibu wa sheria, kila Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwezi Aprili 2023 Serikali iliusitisha utaratibu huo nchini kote ili urekebishwe, kutokana na kasoro za usimamizi na urejeshaji, kisha ukarejeshwa mwaka 2024 chini ya kanuni mpya.

Fedha hizo zinatokana na ushuru na ada tunazolipa sokoni, mashineni na kwenye mazao. Kikundi kinaporejesha, kikundi kingine hukopeshwa. Kisiporejesha, anayekosa ni jirani. Kwa hiyo yote yaliyoelezwa hapo juu yanakihusu kikundi moja kwa moja. Kikundi chenye ahadi zilizoandikwa, chenye mgawanyo wa kazi unaozingatia uwezo wa kila mwanachama, chenye daftari lisilo na kurasa zilizochanwa, na chenye wateja wanaorudi, kina njia ya kurejesha. Kikundi kilichoundwa siku mbili kabla ya kuomba, kwa majina ya watu wasiofahamiana, hakina.

Kwa mwezi huu, mjasiriamali anayesoma makala haya anaweza kufanya mambo manne bila kusubiri mkopo. Apeleke mizani yake ihakikiwe. Aandike ahadi tatu kwa wateja wake na kuzibandika ukutani. Amwandikie kila mfanyakazi wake maelezo ya kazi na kumsomea. Kisha apige picha moja ya kweli ya bidhaa yake, yenye bei, na kuituma kwa wateja aliowahi kuwauzia. Wakirudi hao, watakuja na wengine.

Kwa uundaji na usajili wa vikundi, muone Afisa Maendeleo ya Jamii katika ofisi ya kata. Kwa leseni ya biashara, muone Afisa Biashara wa Halmashauri. Wanaosindika vyakula wafike ofisi za SIDO mkoani Morogoro kwa mafunzo na barua ya utambulisho kuelekea kupata alama ya ubora ya TBS. Huduma ya ushauri katika ofisi ya kata haina malipo, na yeyote atakayekudai fedha ili akuandikie jina kwenye orodha ya mikopo, mripoti kwa Mtendaji wa Kata.